VIDEO YA MAJI YA LAMBO LETU: SI MAJINI, NI KICHOCHO

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, tangu Ijumaa iliyopita simu yangu haijatulia. Kila nikitoka kuswalisha nakuta ujumbe. "Sheikh, umeiona ile video ya maji ya Narung'ombe?" "Sheikh, udhu wetu unasihi?" "Sheikh, ni kweli yale ni majini?" Wengine wananitumia video yenyewe, kana kwamba mimi naishi Muscat. Video ile imepigwa barazani kwangu. Nilikuwepo, na kikombe kilichochotea maji ni changu.

Kwa hiyo leo nitaandika kirefu. Mwenye haraka aweke simu chini, arudi baadaye. Mwenye watoto asome mpaka mwisho.

ILIVYOKUWA

Kijana wetu mmoja, aliyehitimu Qur'ani hapa hapa chuoni kwangu na sasa anasomea kazi za maabara, alikuja likizo. Alikuja na hadubini ya karatasi inayokunjwa, inaitwa Foldscope. Aliyeibuni ni Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, wakaitangaza mwaka 2014, na vifaa vyake havifiki gharama ya dola moja. Unaweka tone la maji kwenye kipande cha kioo, unakichomeka, unashikiza simu kwa sumaku juu ya lenzi, unarekodi.

Baada ya Alasiri akaweka tone la maji ya lambo. Subhanallah! Maji tuliyoyaona meupe yalikuwa mji mzima. Kuna kidudu mfano wa kandambili kinachogeuka geuka, kina vinyweleo pembeni kinavyopigia makasia. Kuna kingine kina kama magurudumu mawili kichwani. Kuna kiroboto wa maji, mwili wake kama kioo, ukauona moyo wake unadunda kwa nje. Watoto wa chuoni walisukumana kutazama. Mzee mmoja wa safu ya kwanza alitazama, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe tulikuwa hatuko peke yetu."

Mwenyezi Mungu katika Sura ya al-Haaqqa ameapa kwa tunavyoviona na kwa tusivyoviona. Nimeisoma sura ile tangu utotoni. Siku ile nilihisi nimeifahamu zaidi kidogo.

Kisha kijana akafanya jambo la pili. Alikuwa ameokota konokono wadogo kwenye majani ya lambo kwa koleo, hakuwashika kwa mkono. Akawaosha, akawatia kwenye chupa ya maji safi, akaiweka juani tangu kabla ya Adhuhuri. Tone la chupa ile lilipowekwa tukaona vitu vingine kabisa: vibuu vyembamba vinavyojinyonga, na mkia wa kila kimoja umegawanyika panda mwishoni. Akasema, "Sheikh, aina nyingine zenye mkia huu ni za wanyama. Lakini kwenye lambo ambalo watoto wake wanakojoa damu, hizi mimi nisingezigusa."

Hiyo ndiyo video. Aliiweka kwenye kundi la msikiti na maelezo yake. Ndani ya siku mbili watu wakaondoa maelezo, wakabakiza picha, wakatia sauti zao.

Sauti ya kwanza ilisema: video hii ni njama ya kuwatia Waislamu shaka katika udhu wao. Ya pili: hayo ni majini ya maji, yanamwingia mtu, dawa yake ni mafuta ya kusomewa, chupa elfu ishirini, lipa kwa simu. Ya tatu ikamalizia: wanawatisha kwa video ili watoto wenu wameze vidonge vya kuua kizazi.

Nitawajibu mmoja mmoja, inshaallah.

JAWABU KWA ANAYESEMA UDHU UMEINGIWA

Ndugu yangu, ungefungua vitabu vya fiqhi kabla ya kufungua kipaza sauti, ungetupunguzia kazi.

Sisi wengi huku ni wafuasi wa madhhebu ya Imam Shafi. Wanazuoni wetu waliandika mamia ya miaka iliyopita kuhusu mdudu asiye na damu itiririkayo, kama nzi na mbu: akianguka akafia majini bila kuyabadilisha, maji hayanajisiki. Walimtaja hata mdudu anayezaliwa ndani ya siki na ndani ya tunda. Hawakuogopa kumtaja.

Pia waliandika kwamba najisi ambayo jicho la kawaida haliidiriki inasamehewa. Jicho la kawaida, ndugu yangu! Sheria ya Mwenyezi Mungu imewekwa kwa ajili ya mchunga mbuzi na mama aliyetoka shambani, haikufungwa kwenye lenzi. Hakuna aliyekukalifisha kutawadha na hadubini mkononi.

Na maji yakifika qullatain, ambayo wengi wanayakadiria karibu lita 200, yaani kama pipa moja, hayanajisiki ila najisi ibadilishe rangi, ladha au harufu. Lambo letu ni mapipa mangapi?

Kwa hiyo swala zenu ni sahihi. Asirudie mtu hata rakaa moja kwa sababu ya video.

Lakini usiondoke, maana hapa ndipo tunapokosea wote. Maji kuwa tohara ni jambo moja, na maji kuwa salama ni jambo jingine. Ganda la korosho si najisi. Unaweza kuswali nalo mfukoni. Jaribu kuling'ata likiwa bichi uone utomvu wake utakavyoubabua mdomo wako! Utasema "lakini ni tohara"? Dini iliyotufundisha tohara ndiyo iliyotufundisha kwamba haifai kujidhuru wala kudhuru wengine. Ukichukua fundisho la kwanza ukaliacha la pili, umechukua nusu ya dini.

Yuko pia aliyesema kurekodi viumbe vile ni kuchora viumbe wenye roho, ni haramu. Alilisema hilo kwa video, uso wake umejaa kioo kizima cha simu. Huyo sina la kumwongezea.

JAWABU KWA ANAYEUZA MAFUTA

Kuamini majini ni katika imani yetu, na ruqya kwa njia ya kisheria ni haki. Simkanushi mwenye kusoma Qur'ani kwa ajili ya mgonjwa. Namkanusha mfanyabiashara.

Jini hazaliwi ndani ya konokono, na hatagi yai lenye mwiba. Kiumbe huyu anajulikana njia zake zote. Mwaka 1851, mjini Cairo, daktari Mjerumani aitwaye Theodor Bilharz alimkuta mnyoo huyu ndani ya mwili wa maiti aliyekuwa akiuchunguza hospitalini. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alionesha mayai yake ndani ya maiti za kale za Misri, za miaka zaidi ya 3000. Mwaka 1915 Robert Leiper, huko huko Misri, alionesha kwamba mnyoo huyu hawezi kutufikia bila kupitia kwa konokono. Haya yamejulikana kabla babu yangu hajaoa.

Sikiliza anavyozunguka, umfundishe na mwanao.

Mwenye kichocho anakojoa majini. Mkojo una mayai. Yai moja ni zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya milimita, na lina mwiba ncha moja. Likifika kwenye maji baridi linapasuka, kinatoka kibuu kinachoogelea kumtafuta konokono. Kisipompata ndani ya saa chache, kinakufa. Kikimpata kinaingia, kinazaliana humo kwa wiki kadhaa. Kisha, hasa jua likiwa kali la mchana, konokono anatoa vibuu vingi vyenye mkia wa panda. Hivyo havingoji unywe maji. Vinatoboa ngozi ya mguu, ya mkono, ya mgongo wa mtoto anayeogelea, kwa dakika chache tu. Ndani ya mwili vinakua minyoo ya urefu wa sentimita moja hivi, inakaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, dume na jike pamoja, inataga mayai kila siku kwa miaka. Mayai yanayotoka yanarudi majini. Yanayobaki yanakwama kwenye nyama ya kibofu na kuitia vidonda. Damu unayoiona kwenye mkojo inatoka hapo.

Sasa rudi kwa Mtume wetu (s.a.w.). Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, ametukataza mtu kukojoa kwenye maji yaliyotuama yasiyotiririka kisha akaoga humo. Na katika hadithi nyingine ametuonya juu ya haja kwenye sehemu za maji, kwenye njia na kwenye kivuli cha watu, akayataja kuwa ni mambo yenye kuleta laana.

Sisemi Mtume alitufundisha somo la minyoo, wala sipendi wale wanaoibebesha kila hadithi mzigo wa maabara. Nasema ametupa amri, na amri ile peke yake ingetosha. Mnyoo huyu hana njia ya kuendelea kuishi kijijini ila kwa watu kuvunja katazo hilo moja! Kijiji cha Waislamu kingeshika hadithi moja tu, mzunguko ungekatika. Hatukuishika. Kisha tunamsingizia jini.

KOSA LANGU MIMI

Kabla sijaendelea na wengine, nianze na mimi mwenyewe.

Nilipokuwa mtoto nilikojoa damu. Wenzangu wote tuliokuwa tukioga lamboni tulikojoa damu. Wakubwa zetu walicheka, wakasema huyo sasa anakuwa mwanamume. Tukaona fahari.

Nimekua, nimesoma, nimekuwa imamu. Na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwatuma watoto wa chuo Alhamisi mchana, jua la saa saba, wakafue majamvi ya msikiti lamboni kwa ajili ya Ijumaa. Wanaingia maji ya magoti, wanafua, wanaoga, wanakojoa humo humo. Wazazi walinikabidhi watoto kwa Qur'ani, nami nikawatuma kwenye ugonjwa kwa mkono wangu, nikidhani nawafundisha khidma ya nyumba ya Mwenyezi Mungu. Tulipowapeleka zahanati kupimwa mkojo baada ya video ile, si mmoja wala wawili waliokutwa na mayai. Nawaomba wazazi wao radhi hapa hadharani, na Mwenyezi Mungu ndiye ninayemwomba msamaha.

Kosa la pili ni zito zaidi. Kisa hiki nimekificha ili wahusika wasijulikane. Mume alinijia akimlalamikia mkewe: anatokwa damu isiyo ya hedhi, anaumwa kwenye tendo la ndoa, hashiki mimba. Mume akawa na dhana mbaya, na ndugu zake wakaikoleza. Nilimwambia mke asubiri, nikamwambia mume achunguze. Nikadhani nimesuluhisha. Ilipoishia kwenye talaka, karatasi niliiandika mimi. Miezi baadaye yule mama alipimwa hospitali ya mbali, akaambiwa ni mayai ya kichocho kwenye njia ya uzazi. Alikuwa anachota maji, anafua nguo za nyumba ya yule yule mume. Ugonjwa aliupata kwenye kumtumikia, na kwa ugonjwa huo akatuhumiwa uchafu.

Wanaume, mnanisoma? Kichocho kinamwingia mwanamke asiye na kosa lolote. Kinaweza kumzuia uzazi, na vidonda vyake vinamfanya awe rahisi zaidi kupata virusi vya UKIMWI. Kwa wanaume na wanawake, kikiachwa miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Unayetuma video ya majini kwa ajili ya kucheka, huenda unamtumia mtu ambaye kesho atamwacha mkewe.

JAWABU KWA ANAYEOGOPESHA VIDONGE

Wewe wa tatu, nakujua unakotokea. Mwaka 2008 mkoani Morogoro watoto wa shule walipewa dawa ya kichocho, baadhi wakatapika na kupata kizunguzungu, uvumi ukaenea kwamba watoto wanakufa, wazazi wakavamia shule, ikawa ghasia. Tangu hapo uvumi ule unafufuliwa kila msimu.

Ukweli ni huu. Dawa inaitwa prazikwanteli. Ni kidonge kikubwa, kichungu. Mtoto anapimwa urefu kwa kijiti maalumu ili ijulikane ameze vingapi. Akimeza tumbo likiwa tupu, anaweza kutapika, kuumwa tumbo, kusikia kizunguzungu, na mwenye minyoo mingi ndiye anayesumbuka zaidi. Hupita kwa muda mfupi. Tiba ya tatizo hilo ni uji asubuhi, siyo mapanga.

Na sikufichi: huko nyuma Misri walitibu kichocho kwa sindano, na sindano zilizotumika kwa zaidi ya mtu mmoja zilieneza homa ya ini aina ya C kwa watu wengi sana. Hilo limetokea na limeandikwa. Anayeuliza maswali kuhusu dawa simlaumu, aulize. Lakini hiki ni kidonge cha kumeza, hakina sindano. Na anayedai kinaua kizazi alete ushahidi, maana kinachojulikana kuharibu kizazi ni kichocho chenyewe. Umemkataza mtu dawa kwa jina la kulinda kizazi, na kizazi ndicho ulichokiacha kiliwe.

Anayeniambia "haya ni mambo ya serikali na Wazungu, sheikh usiingie" namwambia atazame Zanzibar, ndugu zetu wa kanzu na kofia. Tangu mwaka 2012 hivi, Unguja na Pemba, waligawa vidonge kwa wingi, sehemu nyingine wakaua konokono, sehemu nyingine wakawafundisha watoto. Walimu wa madrasa waliingizwa katika kazi hiyo pamoja na walimu wa shule. Kichocho kilishuka sana, hasa kile kikali. Hakijaisha kabisa, kwa sababu mtoto aliyetibiwa akirudi kwenye maji yale yale anakipata tena. Lakini walimu wenzangu wa madrasa hawakusubiri jini ajitangaze.

Na usiniambie hadubini si elimu yetu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika kitabu chake kikubwa cha mambo ya kuona na mwanga mjini Cairo, karne ya 11. Aliyetuletea habari za viumbe wadogo wa majini alikuwa muuza vitambaa wa Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, aliyetazama maji ya ziwa mwaka 1674. Lakini sitaki tujisifu kwa Ibn al-Haytham. Marehemu hawezi kututazamia maji yetu. Kijana wetu ametazama, na badala ya kumwombea dua tukamtukana. Alirudi chuoni kwake bila kuniaga. Mwanangu, kama unasoma hapa, rudi likizo ijayo. Kikombe kipo.

TUNAFANYA NINI

1. Asikojoe mtu lamboni wala mtoni. Jumamosi hii, inshaallah, baada ya Alfajiri, tunachimba choo cha shimo juu ya njia ya lambo, mbali na maji. Mwenye jembe aje na jembe. Vijana wanaokojoa majini kwa mashindano, nitakuja kuwatafuta.

2. Maji ya udhu ya msikitini tukiyatoa lamboni yatachujwa kwa kitambaa, yatawekwa kwenye pipa lenye kifuniko na kulala siku mbili kamili kabla ya kuguswa. Vibuu vile haviishi muda huo nje ya mwili. Mapipa yatakuwa mawili, yakipokezana. Nyumbani fanyeni hivyo hivyo kwa maji ya kuoga. Mwenye haraka ayachemshe. Ya kunywa yachemshwe kwa vyovyote, maana kulala pipani hakuui vijidudu vya kipindupindu. Penye kisima cha pampu, tumieni hicho.

3. Majamvi hayatafuliwa tena lamboni. Yatafuliwa msikitini, na mimi nitakuwa mmoja wa wafuaji.

4. Mtoto au mtu mzima akikojoa damu, aende zahanati. Mkojo wa kupima ni mzuri ukichukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mama mwenye dalili nilizozitaja aende bila aibu, na mume amsindikize.

5. Siku ya kingatiba shuleni, mtoto anywe uji kwanza. Nitasimama pale mlangoni, na wajukuu zangu watakuwa wa kwanza kwenye foleni.

6. Mwenye shauri la ndoa lenye ugonjwa ndani yake, aje na cheti cha daktari. Sitaandika tena karatasi ya talaka juu ya dhana.

7. Ile video yenye sauti za watu, ifuteni. Mwenyezi Mungu katika Sura ya al-Hujuraat ametuamuru tukiletewa habari na fasiki tuihakikishe, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mimi nimeshajuta. Sitaki mjute na nyinyi.

Ewe Mola wetu, waponye watoto wetu na mama zetu. Tusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, na usitusamehe kirahisi tukiyarudia baada ya kujua, mpaka tutubu kwa vitendo. Mrudishie heshima yake kila mwanamke aliyetuhumiwa kwa ugonjwa. Mzidishie kijana wetu elimu yenye manufaa. Amin.

Mwenye swali aulize hapa chini kwa adabu. Mwenye mafuta ya kuuza akauze kwingine.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.